Nilifumba macho wakanipima ubongo: je, ukimya ule unajua kama mimi ni mbunifu?

MtungaChemshabongo

Habari zenu wanajukwaa. Swali langu ni refu kidogo, naomba mnivumilie, maana hii ni wiki ya tatu limenikaa kooni.

Kazi ya dada yenu ni kutunga chemshabongo. Natumia penseli, kifutio na karatasi ya miraba, na kila wiki lazima zitoke mbili: moja nyepesi, moja ya wabishi. Wengi hudhani kazi hii inamtaka mtu anayeshukiwa na maneno. Mimi sishukiwi. Mimi natafuta. Nikipewa S-A-M-A-K-I nizipange upya, naanzia mwishoni, kwa sababu neno la Kiswahili karibu siku zote huishia na irabu. Naweka I mwisho, nazungusha zilizobaki: samaki, makasi. Nikiona I imekauka naihamishia A mwisho na kuanza upya, mi-sa-ka, si-ma-ka, mi-ka-sa. Mikasa! Hapo dakika mbili zimekwisha na pembeni mwa karatasi kuna msitu wa silabi zilizopigwa mistari.

Mdogo wangu wa kiume hata hapendi chemshabongo. Anapita nyuma yangu na kikombe mkononi, anatupa jicho, anasema "mikasa", anaendelea na safari yake. Ukimuuliza ameipataje, anakutazama kana kwamba umemuuliza anapumuaje. "Imekuja tu."

Sasa, mwezi uliopita chuo kimoja kilikuwa kinatafuta watu wa kujitolea kwa utafiti wa mafumbo ya maneno. Nikaenda kwa furaha zote. Wakanivalisha kofia ya elektrodi, vile vidude vya kunasa umeme wa ubongo, wakanitia jeli ya baridi tundu kwa tundu, kisha wakaniambia: kaa, fumba macho, usifanye chochote. Baadaye wakasema fumbua, tazama alama ya kujumlisha kwenye skrini. Dakika chache tu. Ndipo herufi zilizovurugwa zikaanza kuja. Kila nikipata jibu nabonyeza kitufe, halafu naulizwa: limekujia ghafla, au umelitafuta? Nilijibu kwa ukweli wangu. Karibu kila mara nilikuwa nimelitafuta.

Kijana msaidizi alipokuwa ananifuta jeli akasema, "Wewe utaingia kundi la watafutaji. Na ajabu ni kwamba tofauti ya makundi haya huonekana hata kwenye zile dakika za mwanzo za kupumzika, kabla mtu hajaona herufi." Alisema kwa nia njema, alikuwa anaipenda kazi yake. Mimi nikabaki kwenye kiti, nywele zimelowa, sina la kusema.

Mnaelewa kilichoniuma? Kabla sijapatia wala kukosea, ubongo wangu ulikuwa umeshanisemea. Miaka 11 najiita mtunzi. Je, ni kweli ubongo uliotulia unaweza kuonyesha nani ni mbunifu na nani ni mchapakazi tu? Na ulikuwa unafanya nini mle ndani? Maana kusema kweli sikupumzika. Muda wote niliofumba macho nilikuwa nawaza 14 kwenda chini, herufi tano: mimi nataka UKUTA likae pale, lakini neno linalokatiza linadai herufi ya pili iwe U. Lilikuwa limenishinda tangu asubuhi. Na kama haya ni maumbile ya mtu, kuna chochote kinachobadilika?

Mwenye kuyajua haya kwa kuyafanya, naomba anisaidie.

FundiKofia

Pole dada. Miaka tisa nawavalisha watu kofia hizo, kwa hiyo nianzie ninapopajua.

Neno "ukimya" tuliweke kando kwanza. Mtu akikaa kwenye kiti changu macho wazi, mistari ya elektrodi za kisogoni hutetemeka bila mpango. Akifumba, ndani ya sekunde moja au mbili ile mistari inaanza kupanda na kushuka kwa utaratibu, mara 8 hadi 12 kwa sekunde, mawimbi mazuri kama ya ziwa jioni. Hayo ndiyo mawimbi ya alfa. Akifumbua, yanafifia. Akisaga meno, skrini nzima inachafuka, kwa sababu umeme wa misuli ya taya unauzidi mbali ule wa ubongo unaopenya fuvu. Daktari Mjerumani Hans Berger aliurekodi umeme wa ubongo wa binadamu kwa mara ya kwanza mwaka 1924, akautangaza 1929, na yeye aliyaona haya haya: mapumziko yana umbo lake. Nimeyaona mamia ya mara na bado kila mtu akifumba macho mimi hutazama skrini.

Ubongo ni kama asilimia 2 ya uzito wa mwili, lakini unatumia karibu asilimia 20 ya nishati yake. Ukianza hesabu ngumu, matumizi hayo huongezeka kidogo sana, kwa kawaida chini ya asilimia 5. Kwa hiyo gharama kubwa inalipwa hata pale unapodhani hufanyi kitu. Mwaka 2001 Marcus Raichle na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington, kile cha St. Louis, waliandika juu ya sehemu za ubongo ambazo shughuli zake hushuka mtu akipewa kazi na hupanda akiachwa peke yake. Moja iko katikati, nyuma ya kipaji cha uso. Nyingine iko katikati kuelekea kisogoni. Nyingine ziko pembeni, juu na nyuma ya masikio. Zinapanda na kushuka pamoja, ndiyo maana huitwa mtandao. Kwa hapa nitauita mtandao wa mapumziko, ingawa jina hilo linaudhulumu, maana ndio ulio kazini ukikumbuka jana, ukipanga kesho, au ukijibizana na mtu kichwani. UKUTA wako inaelekea ulikuwa humo.

Sasa jaribio lenyewe. Linafanana mno na lile ambalo John Kounios, Mark Beeman na wenzao walilichapisha mwaka 2008. Waliwarekodi watu wametulia, ndipo wakawapa herufi za kupanga. Kisha wakawagawa: huku wale ambao majibu yao mengi yaliwajia ghafla, kule wale waliotafuta hatua kwa hatua. Wakarudi kwenye rekodi za mapumziko na kukuta tofauti. Kundi la ghafla lilikuwa na dalili za umakini uliotandazwa, usioshikilia mahali pamoja, na shughuli za ubongo wao ziliegemea kulia zaidi. Kwa hiyo kijana hakukudanganya.

Ila tazama kilichogawanywa pale. Ni njia. Mtu aliyefika kwa kutafuta amefika. Wewe na mdogo wako wote mmelishika neno mikasa, na wewe umeondoka na makasi juu yake.

Ubunifu kwa maana ya watafiti hupimwa kwingine. J. P. Guilford aliwahimiza wanasaikolojia wa Marekani mwaka 1950 waanze kuuchunguza, na kipimo kinachotumika sana hadi leo kimetoka kwenye kazi yake: unapewa kitu cha kawaida, tuseme tofali, unataja matumizi yake. Kujengea, kila mtu atasema. Kuzuia mlango, wengi. Anayesema kulisaga apate unga mwekundu wa kuchorea, au kulifunga kamba liwe timazi, anapata alama za juu, kwa sababu wazo si la kawaida na linafanya kazi. Kuwaza tofali lipae angani hakumpi mtu alama.

Na hapo ndipo jibu la swali lako kubwa lilipo. Mwaka 2014 Roger Beaty na wenzake waliwachukua watu wenye alama za juu na wenye alama za chini katika vipimo vya namna hiyo, wakawaingiza kwenye mashine ya MRI, ile inayopiga picha za ubongo kwa sumaku, wakiwa hawana kazi yoyote, wametulia tu. Wenye alama za juu walikuwa na mawasiliano makubwa zaidi kati ya mtandao wa mapumziko na eneo la chini la mbele, upande wa kushoto, ambalo lina mkono katika kuchagua na kuzuia. Sehemu moja inaleta, nyingine inakata. Kwa watu wengi hizi mbili hupokezana, mmoja akiingia mwingine anatoka. Kwa wale wabunifu zilikuwa zinasikilizana hata pasipo kazi.

Dada, huo msitu wa silabi zilizopigwa mistari pembeni mwa karatasi yako ni nini, kama si kuleta na kukata?

Nakuomba jambo moja. Waandikie wale watafiti uwaulize: mtu anapangwa kundi kwa kutumia umeme wa mapumziko, au kwa kutumia vitufe alivyobonyeza? Jibu lao litakupunguzia mzigo kuliko maneno yangu.

UpandeWaKulia

Mimi nilivyosoma ni rahisi zaidi ya hapo. Wabunifu wanatumia ubongo wa kulia, watu wa mpangilio wanatumia wa kushoto. Na FundiKofia mwenyewe amesema kundi la ghafla liliegemea kulia. Kwa hiyo dada ni mtu wa kushoto, basi, na si dhambi.

FundiKofia

Ndugu yangu, naelewa ulikolitoa, kila mahali linasemwa. Lakini mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah walipitia skani za mapumziko za watu 1,011, wenye umri kati ya miaka 7 na 29, wakitafuta watu wa kulia na watu wa kushoto. Hawakuwapata. Kuna shughuli zinazoegemea upande mmoja, lugha kwa mfano huegemea kushoto kwa watu wengi, lakini hakuna mtu ambaye nusu nzima ya ubongo wake ndiyo inayomwendesha.

Kilichoonekana kulia ni kidogo na kina mahali pake. Mwaka 2004 timu hiyo hiyo ya Beeman na Kounios ilinasa mlipuko mfupi wa mawimbi ya kasi, yale ya gama, juu ya sikio la kulia, muda mfupi tu kabla mtu hajasema "nimepata!" Ni tukio la sekunde moja, kwa jibu moja. Kulitoa hapo na kulifanya tabia ya mtu mzima ni kumwonea mtu huyo. Na ninalisema kwa uchungu, maana nimewahi kumvalisha kofia binti wa miaka 16 aliyeambiwa shuleni aachane na uchoraji kwa sababu ni "wa kushoto". Alikuja ananiuliza kama naweza kumthibitishia.

MpimaShaka

Mimi nafanya kazi ya takwimu, si ya ubongo, kwa hiyo nitasema la upande wangu.

Hata pale ambapo matokeo ni ya kweli, ukubwa wake ni muhimu. Mwaka 2018 timu ya Beaty ilichapisha kazi nyingine, watu 163, wakijaribu kukisia alama ya ubunifu ya kila mmoja kutokana na mawasiliano ya sehemu za ubongo wake. Walifaulu, na ni kazi nzuri, walihakikisha kwa watu wengine ambao hawakuwa kwenye hesabu ya kwanza. Lakini uwiano kati ya alama iliyokisiwa na alama halisi ulikuwa karibu 0.3, ambapo 0 ni kutohusiana kabisa na 1 ni kwenda pamoja bila kukosea. Zidisha 0.3 kwa yenyewe unapata 0.09. Yaani katika tofauti zote zilizopo baina ya watu, ramani ile ilieleza kama asilimia 9. Zilizobaki, 91, ziko kwingine: mazoezi, ujuzi wa fani, usingizi wa jana, hamu, makosa ya kipimo chenyewe.

Ukiwa na watu elfu, asilimia 9 ni habari kubwa. Ukiwa na mtu mmoja kwenye kiti, huwezi kumwambia kitu. Dada, kama ningepewa rekodi yako ya dakika chache nikaambiwa niweke dau kama wewe ni mtunzi mzuri au mbaya, nisingeweka.

Kuna jingine. Mwaka 2022 jarida la Nature lilitoa uchambuzi mkubwa, uliotumia data za watu kama 50,000, ukionyesha kwamba kuhusisha ubongo wa mtu na tabia yake kwa uhakika kunahitaji maelfu ya watu, wakati tafiti nyingi zilikuwa na makumi tu. Ndogo huwa zinakuza mambo. Ndiyo maana nilifurahi sana mwaka 2025 ilipotoka kazi iliyounganisha watu 2,433 kutoka nchi tano, na wote walipimwa wakiwa wametulia. Walichohesabu ni mara ngapi ubongo unahama kati ya mtandao wa mapumziko na ule wa udhibiti, yaani ule wa kuchagua na kuzuia. Kuhama huko kulikwenda sambamba na ubunifu, na hakukwenda sambamba na akili kwa jumla. Kwangu hiyo ndiyo hoja yenye miguu ya kusimamia, kuliko "eneo hili linawaka kwa wabunifu".

FundiKofia, nina swali kwako: kwenda sambamba si kusababisha. Kuna aliyewahi kuugusa mtandao wenyewe akaona ubunifu unabadilika?

FundiKofia

Yupo. Kuna wagonjwa ambao hufanyiwa upasuaji wa ubongo wakiwa macho, ili daktari ajue asikate sehemu ya kusema au ya kusogeza mkono. Katika kazi iliyotoka mwaka 2022, wagonjwa wa namna hiyo walipewa kile kipimo cha matumizi ya vitu, na wakati wanataja, madaktari wakapitisha umeme mdogo kwenye maeneo ya mtandao wa mapumziko. Idadi ya matumizi waliyoweza kutaja ikapungua. Umeme ule ulipopita kwingine haikuwa hivyo. Ni wagonjwa wachache, na hali yenyewe si ya kawaida, lakini ndiyo mara tunapokaribia kusema mtandao huu unachangia, haupo tu kama shahidi.

MwalimuMstaafu

Wanangu, nimesoma yote. Sijui MRI, lakini nimefundisha muziki miaka 34 na nimeitungia kwaya nyimbo nisizozihesabu, kwa hiyo naomba niseme na huyu binti.

Mimi tuni hunijia nikipiga pasi. Si nikikaa kwenye kinanda. Nikiwa nanyoosha ukosi wa shati, mkono unakwenda wenyewe, ndipo sauti ya tatu inapopata njia ya kutoka kwenye ule mgongano wake na sauti ya pili. Wanafunzi wangu waliposikia hivyo, mmoja akaacha kabisa kukaa na daftari, akawa anazurura akisubiri tuni. Akasubiri muhula mzima.

Sikumweleza vizuri na hadi leo najilaumu. Sikumwambia kwamba kila wimbo uliokuja nikipiga pasi, nilikuwa nimeshaugombania wiki nzima kwenye kinanda. Nimejaribu sauti ya tatu ishuke, ikagongana. Nimejaribu ibaki pale pale, ikakosa uhai. Nimejaribu ipande, ikawazidi wanakwaya pumzi. Njia zote hizo nilikuwa nimezichimba kwanza. Pasi ilikuta mashimo tayari.

Kwa hiyo, binti, usimwonee wivu mdogo wako kwa neno moja. Mpe chemshabongo nzima aitunge, miraba yote ikatizane, uone kama "imekuja tu" itamfikisha kwenye kona ya chini.

FundiKofia

Shikamoo mwalimu. Umelisema lile ambalo maabara zinalihangaikia. Mwaka 2012 kulikuwa na jaribio lililopata umaarufu: watu walipewa kipimo cha matumizi ya vitu, wakapumzishwa kwa kazi nyepesi isiyotaka akili, kisha wakarudia. Walioachiwa akili izurure namna hiyo walifanya vizuri zaidi kwenye vitu walivyokwisha kuvishughulikia mwanzo, na kwenye vitu vipya hawakuongeza kitu. Wengine waliorudia jaribio hilo baadaye hawakulipata tokeo lile, kwa hiyo nalishika kwa vidole viwili. Lakini tazama sehemu ile ya vitu vilivyoanza kuchimbwa. Ni pasi yako mwalimu.

Dada aliuliza pia kama kuna kinachobadilika. Watafiti wa Paris mwaka 2021 waliwapa watu mafumbo ya namba yenye njia ya mkato iliyofichwa, bila kuwaambia kwamba ipo. Katikati wakawapumzisha dakika 20 kwenye kiti cha kuegemea, gizani, wameshika kitu mkononi, ili wakisinzia sana kianguke kiwaamshe. Waliobaki macho, asilimia 30 waliigundua ile njia baadaye. Waliopitiwa na usingizi mwepesi kabisa, hata sekunde 15 tu, walikuwa asilimia 83. Waliozama zaidi wakapoteza faida hiyo. Fumbo ni lile lile, na mapumziko ya dakika 20 yaliwatenganisha kiasi hicho. Hali ya ubongo uliotulia ina sehemu inayomfuata mtu maisha yake yote, na ina sehemu inayogeuka ndani ya saa moja. Rekodi moja ya dakika chache haikuonyeshi ipi ni ipi. Uliingia pale na UKUTA kichwani. Ungeingia umetoka usingizini, ningetegemea kuona mistari mingine.

MtungaChemshabongo

Nimerudi. Samahani nimechelewa, nilitaka nije na jibu mkononi.

Kwanza shikamoo mwalimu. Habari ya yule mwanafunzi imenigusa kuliko unavyodhani. Nilikuwa nimeanza kufanya kama yeye. Baada ya siku ile ya kofia, wiki mbili nzima sikutumia penseli. Nilikuwa naikodolea macho karatasi ya miraba nikisubiri neno lije kama linavyomjia mdogo wangu, na nikilikosa nasema ni kweli basi, sina. Chemshabongo mbili zilichelewa kwa sababu hiyo. Wewe, MpimaShaka, ile asilimia 9 nimeiandika kwenye karatasi nikaibandika juu ya meza.

Niliwaandikia watafiti kama FundiKofia alivyoniagiza. Akanijibu mkuu wa utafiti mwenyewe, kwa adabu sana. Kundi langu lilitokana na vitufe. Hawakutazama umeme wa mtu yeyote kumpanga. Walihesabu ni mara ngapi nilijibu "nimelitafuta", na wakati kijana ananiambia yale maneno, rekodi yangu ya mapumziko ilikuwa haijasafishwa hata taya na kope. Tofauti inayozungumzwa ni ya wastani wa kundi na kundi. Kuhusu mimi peke yangu, alisema, hawana wanachokijua na hawakukusudia kukijua. Akaomba radhi kwa niaba ya kijana. Nimemwambia asimkaripie.

Kwa hiyo wiki tatu zile nilikuwa nalia na jibu nililolitoa mimi mwenyewe kwa kidole changu. Na lilikuwa jibu la kweli! Natafuta. Niliulizwa nafanyaje kazi nikasema.

Sasa la mwisho, lazima niwaambie kwa sababu nyinyi ndio mtakaolielewa. 14 kwenda chini. Nilirudi kwenye penseli. Nilifuta UKUTA, nikaurudisha, nikajaribu kulibadili neno linalokatiza ili herufi ya pili iwe K, nikavunja kona nzima, nikaijenga upya, nikachoka nikaenda kuanika nguo. Nikiwa na shuka mikononi, nimelikunjua nusu, naona herufi zile zile tano za UKUTA zinahama moja moja bila mimi kuzigusa: K mwanzo, U ya pili, ambayo ndiyo neno lile lilikuwa linaidai siku zote. KUTUA.

Niliacha shuka likining'inia kwa pembe moja nikakimbilia ndani. Miraba yote ilikubali. Kidokezo nimekiandika hivi: "Afanyacho ndege mwisho wa safari." Chemshabongo inatoka wiki ijayo, ile ya wabishi.